Mama hakuambiwa: uchambuzi wa kisa cha filamu iliyotengenezwa upya

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha filamu moja ya Dar es Salaam iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 2000, ikawaudhi walioinunua, kisha ikatengenezwa upya zaidi ya miaka kumi baadaye. Katika kazi ya pili nilikuwamo kama mhariri wa skripti. Jina la filamu, majina ya watu, kampuni na kituo cha televisheni nimeyaondoa, na mambo machache ya hadithi nimeyabadilisha ili mhusika yeyote asitambulike. Nawaandikia waandishi, waongozaji na maprodyuza wenye filamu ya zamani mezani wanaojiuliza kama inafaa kurudiwa, na kama inafaa, waanzie wapi.

Usuli

Hadithi yenyewe ni hii. Kaka mtu ni mlinzi wa usiku kwenye ghala karibu na bandari. Mdogo wake ni karani wa ghala hilohilo, na kaka ndiye aliyemwombea kazi. Mzigo unaibwa, mlinzi anakamatwa. Mdogo mtu anajua wazi kwamba kaka yake hahusiki, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewapa wezi ratiba ya magari, na fedha aliyolipwa amelipia upasuaji wa mama yao. Akisema ukweli anajifunga mwenyewe, na mama atajua kwamba uhai wake umelipiwa na kifungo cha mwanawe wa kwanza. Akinyamaza, kaka anaozea rumande.

Kila niliyemsimulia hadithi hii aliniuliza swali lilelile: mama alijua? Filamu ya kwanza haikulijibu.

Ili kuelewa kwa nini haikulijibu, lazima tukumbuke soko la wakati ule. Filamu ziliuzwa kwenye diski. VCD moja inabeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo filamu ya saa mbili ilikuwa lazima igawanywe. DVD ilipoenea, sababu hiyo ya kiufundi iliisha, lakini desturi ikabaki, maana sehemu mbili ni mauzo mawili. Msambazaji wa Kariakoo alinunua masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa fedha ya mkupuo, akachapisha kava, akapeleka mzigo mikoani. Baada ya hapo prodyuza hakuona tena senti, diski ziuzwe zisiuzwe. Fedha ya kushuti filamu inayofuata ilitoka kwenye masta ya filamu iliyotangulia. Ndiyo maana watu wenye vipaji vya kweli walishuti filamu nzima kwa siku chache, na ndiyo maana sipendi kuwasikia wakilaumiwa kwa uvivu. Walikuwa wanakimbizana na kodi ya nyumba.

Filamu ya kwanza ilivyoharibika

Mtunzi aliandika skripti ya dakika kama 90. Msambazaji akataka sehemu mbili. Skripti ikanyooshwa. Akaingizwa mganga wa kienyeji. Akaingizwa mchumba wa mdogo mtu ambaye kwa siri anatembea na bosi wa ghala. Yakaongezwa magari: watu wanapanda gari, wanashuka kwenye gari, geti linafunguliwa taratibu, geti linafungwa taratibu.

Sehemu ya kwanza iliishia mlinzi akitiwa pingu. Walionunua sehemu ya pili walikaa karibu saa nzima wakisubiri ndugu wawili wakutane. Mama alifia nje ya picha. Habari ililetwa na jirani aliyebisha hodi. Mdogo mtu hatimaye aliungama polisi, lakini aliungama kwa sababu mganga alimtishia balaa. Hapo ndipo filamu ilipovunjika. Uamuzi mzito kuliko yote katika hadithi, kijana atafanya nini mbele ya mama yake, uliondolewa mikononi mwa kijana ukapewa mtu aliyeingizwa ili kujaza diski.

Sauti nayo ilichukuliwa kwa maiki ya kamera. Katika mazungumzo ya rumande unasikia pikipiki na muziki wa baa ya jirani kuliko unavyomsikia mlinzi.

Pamoja na yote hayo, ilikuwa na sini moja ambayo ningeipigania popote. Polisi anamuuliza mlinzi: ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani mwingine? Mlinzi anaiangalia tochi yake juu ya meza, ile aliyoikuta kituoni kama kielelezo. Anajua jibu. Ufunguo wa pili anao mdogo wake. Anakaa kimya, kisha anasema, "Ninao mimi tu." Mwigizaji yule alitokea kwenye maigizo ya jukwaani, na kwa sekunde chache zile alibeba filamu nzima bila kupaza sauti. Kumbe alikuwa anajua tangu mwanzo, na amechagua. Filamu iliyobaki haikustahili sini hiyo.

Mpango wa kwanza wa kuirudia

Prodyuza yuleyule, ambaye sasa anatengeneza tamthilia za televisheni, aliamua kuirudia. Soko lilikuwa limebadilika. Diski zilikuwa zimekufa, na chaneli za kulipia zinazoonyesha filamu za Kiswahili zilikuwa zinanunua haki ya kurusha kwa muda maalumu. Kamera nzuri zilikuwa zimeshuka bei. Mpango wake ulikuwa mfupi: skripti ileile, picha ya 4K yenye uwazi mkubwa, droni juu ya bandari, na staa mmoja wa kuvuta watu. Kwa maneno yake, "Hadithi ipo, tatizo lilikuwa picha."

Nilimwomba tusimame kidogo, na nilimpa mfano wa *The Maltese Falcon*. Riwaya hiyo ya Dashiell Hammett ilitoka mwaka 1930, na studio ya Warner Bros. ikaitengenezea filamu mara tatu ndani ya miaka kumi. Ya 1931 ilitazamwa ikapita. Ya 1936 ilibadilishwa jina, ikageuzwa mzaha, hata sanamu ya ndege ambayo watu wote wanaisaka ikaondolewa na mahali pake pakawekwa pembe, ilishindwa vibaya. Ya 1941 iliongozwa na John Huston, ikiwa kazi yake ya kwanza ya uongozaji, na Humphrey Bogart akaigiza mpelelezi. Hiyo ndiyo dunia inayoikumbuka. Studio ni ileile, na zote tatu ni filamu za sauti, nyeusi na nyeupe. Huston hakuwa na mashine ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo. Alirudi kwenye hadithi akaiamini.

Nikamwambia: kaka, tukirudia skripti ileile kwa 4K, tutamwonyesha mtazamaji yule mganga kwa uwazi zaidi.

Akakubali tusimame. Bajeti haikuwa imeanza kutumika, na hilo lilisaidia sana. Ombi kama hilo likija wakati lokesheni zimelipiwa, hakuna anayesikiliza.

Kibanda umiza

Tulikubaliana kuwasikiliza watu walioiona zamani. Tulikwenda kwenye kibanda umiza kimoja ambacho enzi hizo kilionyesha filamu kila jioni na siku hizi kinaonyesha mpira, na mwenye kibanda akatuitia wateja wake wa zamani. Hatukuwawekea filamu. Tuliwaomba waisimulie, mmoja mmoja, nje ya kibanda, ili mmoja asimkumbushe mwenzake.

Uamuzi huo mdogo ndio uliobadilisha kazi yote. Ukimwekea mtu filamu atakukosoa picha, mavazi na sauti, kwa sababu ndivyo vitu anavyoviona mbele yake. Akisimulia kutoka kichwani, anatoa kile kilichobaki.

Karibu wote walianza na tochi. Mganga walimtaja wachache, tena kwa kusukumwa na swali. Mchumba alikuwa ameyeyuka kabisa. Mtu mmoja alidhani anatoka filamu nyingine. Wengi waliguna walipofika sehemu ya pili: "pale wakaharibu."

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Baadhi yao walisimulia sini ambayo haimo. Walisema mama aligundua fedha ilikotoka na akamwita mwanawe mdogo. Kila mmoja alikuwa na namna yake: mmoja alisema mama alilia, mwingine alisema alimfukuza. Dada mmoja mama lishe alitupa mpaka maneno. Alisema mama alimwambia mwanawe, "Chukua hela yako, unirudishie ugonjwa wangu."

Tulirudi tukatazama filamu yote, sehemu zote mbili. Sini hiyo haipo. Watazamaji walikuwa wameitunga wenyewe, kwa sababu hadithi ilikuwa inaidai na filamu haikuwapa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu haki. Mtunzi wa awali alilipwa fedha taslimu mara moja, bila mkataba. Msambazaji alikuwa na karatasi inayosema amenunua masta. Mwanasheria aliisoma na kusema kununua masta si kununua hadithi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Prodyuza hakufurahi kulipa mara ya pili kwa kitu alichoamini ni chake, na simlaumu, maana enzi zile ndivyo kila mtu alivyofanya kazi. Lakini kituo cha televisheni kilitaka hati safi, na hapo mabishano yakaisha.

Tulimfuata mtunzi nyumbani kwake nje ya mji. Baada ya shikamoo na chai alituuliza, "Mnataka hadithi au mnataka jina?" Tukamweleza habari ya kibanda na ile sini ambayo haimo. Alinyamaza kidogo akasema, "Yule mama nilimuua kwa sababu sikujua angesema nini." Sijawahi kusikia mwandishi akieleza kwa uaminifu zaidi kwa nini hadithi yake ilipinda. Alikubali mkataba wa maandishi, malipo kwa awamu mbili, na jina lake kwenye bango. Dada mama lishe naye tulimwomba ruhusa ya kutumia maneno yake. Alilipwa, na akatajwa kwenye majina ya mwisho.

Uamuzi wa pili: mganga na mchumba watoke. Kwenye timu kulikuwa na waliohofia kwamba mtazamaji wetu hatakubali filamu bila mganga. Sikupinga waganga kuwamo kwenye filamu zetu, wamo kwenye maisha yetu. Nilipinga huyu, kwa kuwa alifanya kazi ambayo ilikuwa ya mhusika mkuu.

Uamuzi wa tatu, na ndio kiini cha kila kitu, ulikuwa mama aishi na ajue. Ilibaki namna. Rasimu ya kwanza ilimpa barua, ya pili ikampa jirani mmbeya. Zote mbili zilimfanya mama apokee habari, na mama wa aina hii hapokei, anatafuta. Tukakumbuka kitu kilichokuwamo tangu filamu ya kwanza bila kutumika: mama anauza vitumbua. Mtu aliyeuza vitumbua maisha yake yote hesabu anaijua.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Alfajiri, mama yuko kwenye chungu cha vitumbua, kijana amekaa kwenye kigoda anasubiri chai aende kazini. Mama anauliza mshahara wake ni kiasi gani. Laki tatu na nusu. Upasuaji ulikuwa shilingi ngapi? Milioni nne na laki mbili. Mama anageuza kitumbua. "Hiyo ni mishahara kumi na miwili. Bila kula, bila nauli. Umeanza kazi mwezi wa tatu, mimi nimepasuliwa mwezi wa sita." Anageuza kingine. Kijana hajibu. Mama anaendelea kugeuza mpaka kimoja kinaungua, na huyu ni mtu ambaye tangu filamu ianze hajaunguza hata kimoja. Ndipo anasema maneno ya yule dada. Hakuna muziki. Mwongozaji alitaka kinanda kidogo mwishoni. Tulijaribu kwenye uhariri, akaondoa mwenyewe.

Uamuzi wa nne ulikuwa kutoa fedha ya droni na kuiweka kwenye sauti: fundi sauti wa kudumu, maiki za kifuani, maiki ya mti inayoshikwa juu ya waigizaji, na lokesheni ya rumande iliyo mbali na barabara. Ghala lilishutiwa usiku wa manane ili kukwepa malori.

Sini ya tochi ilirudi karibu neno kwa neno. Kibali cha kushuti na ukaguzi wa filamu ilipokamilika vilipitia Bodi ya Filamu kwa utaratibu wa kawaida, na havikuleta shida yoyote.

Mahali ambapo sikukubaliana na prodyuza ni mlinzi. Kituo kilitaka sura inayojulikana, na fedha yao ilikuwa na sharti hilo. Akachukuliwa staa wa tamthilia.

Matokeo

Filamu ilirushwa ikiwa moja, bila sehemu ya pili, kwa dakika zisizofika mia. Haikulipuka. Wiki ya kwanza ilizungumzwa kidogo kuliko tulivyotumaini, kisha kipande cha vitumbua kikaanza kusambaa kwenye simu za watu, na kituo kikairusha tena bila kuombwa. Gharama zilirudi, faida ilikuwa ndogo. Mtunzi alilipwa awamu zote mbili. Tuliporudi kwenye kile kibanda kuwaonyesha, mwenye kibanda alizima feni wakati wa sini ya mama ili watu wasikie. Sauti ilisikika hata hivyo, lakini nililichukua tendo lile kama malipo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kusimuliwa filamu kabla ya kuigusa. Tunazo filamu nyingi za miaka ile zilizovunja watu moyo, na si zote zinastahili kurudiwa. Nyingine zilikuwa mbovu tangu wazo. Inayostahili ni ile ambayo mtu anailalamikia kisha, hapohapo, anakusimulia mwanzo mpaka mwisho. Malalamiko yanaonyesha kwamba alidhulumiwa, na kule kusimulia kunaonyesha kwamba kulikuwa na kitu cha kudhulumiwa. Na pale anapobadilisha hadithi bila kujua, hapo ndipo panapohitaji skripti mpya. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kukaa kimya na kuandika anachosema.

Jambo la pili lililofaa ni kutenganisha kosa la soko na kosa la mtunzi. Mganga na magari vilikuwa makosa ya diski mbili. Soko hilo halipo tena, kwa hiyo kuviondoa ilikuwa rahisi. Kifo cha mama kilikuwa kosa la mwandishi, na hilo lingebaki hata tungekuwa na bajeti mara kumi. Anayerudia filamu bila kutenganisha haya mawili ataondoa magari, atamwacha mama afie nje ya picha, kisha atashangaa kwa nini watu hawajaridhika.

Staa aliigiza kwa bidii, sina neno kwake. Ila mikono yake ilikuwa mikono ya mtu wa kamera, na mtazamaji wa Temeke anamjua mlinzi wa usiku, anamwona kila siku akirudi nyumbani asubuhi macho mekundu. Sini ya tochi, ambayo ilikuwa bora katika filamu mbovu, ilipungua nguvu katika filamu nzuri. Kama sharti la kituo halikwepeki, staa angeweza kupewa bosi wa ghala au mpelelezi, na mlinzi akatafutwa jukwaani kama mara ya kwanza. Pendekezo hilo lilitolewa, likafika kituoni likiwa limechelewa, mkataba umeshasainiwa. Orodha ya waigizaji inapaswa kujadiliwa siku ileile ya bajeti.

Kubakiza jina la zamani nako kulituumiza. Filamu ya kwanza imepakiwa mtandaoni na watu wasiojulikana, imekatwa vipande, na anayetafuta jina hukutana nayo kwanza. Wapo walioitazama ile, wakadhani ndiyo hii, wakaacha. Jina jipya lenye maneno machache chini yake kuhusu asili ya hadithi lingetosha.

Mwisho wa filamu ndio unaonisumbua hadi leo. Skripti yetu iliishia kaunta ya polisi: mdogo mtu anafika, anaulizwa shida yake nini, anafungua mdomo. Kituo kiliomba wapatane. Ikashutiwa sini ya ziada mbele ya geti la gereza, kaka anatoka, wanakumbatiana, mama yuko nyuma yao anafuta machozi. Pale kibandani watu walianza kuinuka na kutafuta viatu sini hiyo ilipoanza, kwa sababu kwao filamu ilikuwa imekwisha kwenye kaunta. Prodyuza amekubali kwamba haki za kituo zikimalizika, filamu itahaririwa upya bila dakika hizo kabla ya kuuzwa kwingine. Sini ya kaunta iko salama kwenye diski mbili tofauti za kuhifadhia kazi, pamoja na sauti yake ghafi.